Kuzunguka Alpi kwa treni majira ya baridi: mpango wa siku nane kwa pasi moja

Shangazi yangu alishuka kwenye stesheni ya Alp Grüm, mita 2,091 juu ya usawa wa bahari, theluji imelala kila upande wa jukwaa, akainama akatazama reli. "Hii nyembamba kama ya kwetu Tanga," akasema. Baba yake alikuwa fundi wa njia, naye amekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na jicho lake halikukosea. Reli za jimbo la Graubünden, kama ilivyo Reli ya Tanga na Reli ya Kati, zina upana wa mita moja kamili. Ila hii ya Uswisi inapanda hadi mita 2,253 bila msaada wa reli ya meno (ile yenye reli ya ziada ya meno ambayo gurudumu la treni huishika kwenye mwinuko), kisha inateremka mpaka Italia, Januari kama Julai.

Kabla hajaja, watu wengi walikuwa wamemwambia kwamba majira ya baridi Ulaya ni ya kukaa ndani karibu na jiko. Mimi naishi Ujerumani, Uswisi nimeizunguka kwa treni mara nyingi, na Alpi za Januari nazipenda kuliko za Agosti. Lakini zinataka mpango wake. Kiangazi ukikosea treni, saa mbili usiku bado kuna mwanga wa kutazama milima. Januari ukichelewa kwa muda wa saa tatu, siku imekwisha. Mwanga ni mchache na theluji haina ratiba. Uzuri wa pasi ni kwamba inakuruhusu kubadili safari asubuhi ileile, kwenda kusini badala ya mashariki, bila kulipa tena. Hatua zote hapa chini zimepangwa ili uweze kuitumia ruhusa hiyo.

Tuelewane neno moja kabla ya kuanza: nikisema pasi, nina maana ya pasi ya treni. Ile hati ya uhamiaji nitaiita pasipoti.

Hatua ya 1: Chagua wiki kabla ya kuchagua mji

Mjini Zürich tarehe 1 Januari jua huchomoza yapata saa 2:13 asubuhi na kuzama saa 10:44 jioni, kwa saa zetu za Kiswahili. Kufikia katikati ya Februari huchomoza kama saa 1:30 na kuzama karibu saa 12 kasoro dakika kumi. Umeongezewa karibu saa mbili za kutazama. Mabondeni jua hujificha nyuma ya mlima mapema zaidi, kwa hiyo safari ya kutazama mandhari ihesabu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, usizidishe hapo.

Krismasi na Mwaka Mpya hoteli za milimani ni ghali na zimejaa. Karibu na wiki ya tatu ya Januari, Davos hupokea mkutano wa uchumi wa dunia, na vyumba vya Graubünden nzima huadimika. Februari shule za Uswisi hufunga kwa likizo ya michezo ya theluji, kila jimbo kwa wiki yake, na familia hujaa milimani. Ukiondoa hizo, zinabaki wiki ya pili ya Januari, au wiki mbili za mwanzo za Machi. Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza kutoka nchi za joto, nachagua Machi: juu theluji bado ni nene na jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni.

Kumbuka pia kwamba ratiba za treni za Ulaya hubadilika kila mwaka katikati ya Desemba. Muda uliouona kwenye ratiba ya Novemba uangalie tena.

Hatua ya 2: Viza

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa kama tayari ana kibali cha kuishi katika nchi mojawapo ya eneo hilo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000, nawe hakikisha inagusa pia ajali za kwenye theluji kama utateleza. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Pasi inunue baada ya viza kutoka. Bei yake haipandi kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo haraka haikuokolei kitu.

Hatua ya 3: Chagua pasi

Ya kwanza kufikiria ni Swiss Travel Pass, inayouzwa kwa watu wasioishi Uswisi wala Liechtenstein. Ipo ya siku 3, 4, 6, 8 na 15 mfululizo. Ndani yake kuna treni, mabasi, meli za maziwani, tramu na mabasi ya miji zaidi ya 90, na makumbusho zaidi ya 500. Milima mitatu unapanda bila kulipa: Rigi, Stanserhorn na Stoos, ingawa Stanserhorn haifanyi kazi majira ya baridi. Njia nyingine nyingi za mlimani hupunguzwa bei, mara nyingi kwa nusu. Watoto wa miaka 6 hadi 15 wakisafiri na mzazi mwenye pasi hupewa kadi ya familia na hawalipi. Vijana ambao hawajafika miaka 25 hupunguziwa.

Ipo pia aina ya Flex, ambayo siku zako unaziteua ndani ya mwezi mmoja. Ni ghali kidogo, na watu wengi huiruka kwa sababu hiyo. Majira ya baridi mimi naona inafaa kuliko ile ya mfululizo kwa mtu mwenye wiki mbili. Siku ya ukungu na theluji nzito unakaa mjini bila kuichoma siku ya pasi, na siku ya jua unaondoka. Jambo moja tu la kuzingatia: siku ya Flex lazima uiwashe mtandaoni kabla ya kupanda treni. Mkaguzi akikukuta ndani hujaiwasha, kwake huna tiketi.

Chaguo la pili ni Swiss Half Fare Card, kadi ya mwezi mmoja inayokupa nusu bei karibu kila mahali, pamoja na njia za mlimani. Inamfaa anayelala mji mmoja na kutoka mara mbili tatu.

Uamuzi fanya kwa hesabu. Fungua programu ya simu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, andika safari zako zote siku kwa siku, jumlisha nauli kamili za daraja la pili. Zermatt hadi St. Moritz peke yake ni takriban faranga 160, na Chur hadi Tirano ni zaidi ya 60 kwenda tu. Gawa jumla kwa mbili, ongeza bei ya kadi ya nusu nauli, kisha linganisha na bei ya pasi. Ukizunguka nchi nzima kama nitakavyoeleza, pasi hushinda. Ukikaa Interlaken siku tano ukapanda mlima mmoja, hushindwa.

Eurail na Interrail zinamfaa anayeunganisha Uswisi na Austria au Italia katika safari moja. Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, na Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anahesabiwa humo. Hizo mbili hazikupandishi tramu za mijini, na njia nyingi za mlimani zinakupa punguzo tu. Kwa Uswisi pekee sizipendekezi.

Daraja la pili linatosha. Viti ni vizuri, madirisha ni yaleyale, milima ni ileile.

Hatua ya 4: Panga usiku, kisha panga mchana

Kosa la kawaida ni kulala mji mpya kila siku. Majira ya baridi, kukokota sanduku kwenye barabara yenye barafu ni kazi ya kuvunja mgongo, na mara nyingine mguu. Chagua miji mitatu au minne ya kulala, utoke na mkoba mdogo, urudi. Mzunguko wetu wa siku nane ulikuwa huu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich, treni zinaondokea chini ya jengo la abiria, na Luzern ni kama saa moja. Tulilala hapo usiku mbili. Siku ya pili tulipanda Rigi, nitaieleza mbele. Siku ya tatu tulikwenda Interlaken kwa njia ya Brünig, takriban saa mbili za maziwa na vijiji, tukaacha mizigo kwenye makabati ya kukodi stesheni, tukaenda Lauterbrunnen na kupanda mpaka Mürren, kijiji kilichokaa ukingoni mwa jabali na kisicho na barabara ya magari ya kawaida. Pasi inakufikisha huko bila nyongeza.

Siku ya nne, kupitia Spiez na Visp, tuliingia Zermatt. Tukalala usiku mbili. Magari ya mafuta hayaruhusiwi mjini, kuna yale madogo ya umeme tu, na usiku unasikia theluji ikikatika chini ya viatu vya wapita njia. Hoteli ni ghali kweli. Bajeti ikibana, lala Visp au Brig. Treni ya kupanda Zermatt kutoka Visp inachukua saa moja na dakika chache.

Siku ya sita ni ya kuvuka Alpi kutoka magharibi kwenda mashariki hadi Chur, na siku ya saba ni ya njia ya reli ya Bernina mpaka Tirano, Italia, na kurudi. Chur ndiyo ngome yangu mashariki. Ni mji wa watu wa kawaida, vyumba vyake ni nafuu kuliko St. Moritz, na Zürich iko saa moja na robo tu. Unaporudi kutoka Tirano jioni utakuwa gizani, ndiyo maana mandhari yote tuliyatazama wakati wa kwenda. Mwenye siku ya ziada alale Poschiavo, mji mdogo wa Kiitaliano ulioko ndani ya Uswisi, arudi mchana wa pili.

Utaona nimeiweka Zermatt katikati na Chur mwishoni. Bonde la Zermatt lina njia moja ya kutokea. Januari 2018 theluji na hatari ya maporomoko yake vilifunga barabara na reli, wageni wapatao 13,000 wakakwama, wengine wakatolewa kwa helikopta. Mtu asilale Zermatt usiku wa kuamkia ndege yake.

Siku ya nane, kabla ya Zürich, tulipita Bergün. Barabara ya Albula hufungwa majira ya baridi na kugeuzwa njia ya kutelezea vigari vya mbao, kilomita 6 kutoka Preda hadi Bergün. Unakodi kigari, unapanda treni hadi Preda, unateremka umekaa, unapanda treni tena. Shangazi alibaki chini anakunywa chai ya moto na kupunga mkono kila treni ilipopita. Mimi niliteremka mara tatu.

Hatua ya 5: Treni ya vioo au treni ya kawaida

Glacier Express kati ya Zermatt na St. Moritz huchukua karibu saa nane, hupita madaraja 291 na mahandaki 91. Bernina Express huenda Tirano. Zote mbili zina mabehewa ya vioo hadi darini, na zote mbili hata mwenye pasi lazima ahifadhi kiti na kulipia makumi ya faranga. Glacier Express haiendi kabisa kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba, na majira ya baridi treni zake kwa siku ni chache.

Wengi hawaambiwi kwamba treni za kawaida hupita reli zilezile. Kwa siku ya sita unakwenda Visp, kisha Andermatt, kisha Disentis, kisha Chur, ukibadilisha treni kila kituo, bila kuhifadhi chochote. Kwa Bernina, treni ya kawaida ya kutoka St. Moritz hadi Tirano inachukua kama saa mbili na nusu. Baadhi ya mabehewa yana madirisha yanayofunguka, jambo ambalo behewa la vioo haliwezi kukupa. Unapiga picha bila mwako wa kioo, na baridi yenyewe inaingia usoni. Halafu unaweza kushuka. Alp Grüm tulishuka kwa kuwa tuliipenda, tukapanda treni iliyofuata. Mwenye kiti alichokilipia katika treni ya vioo anashuka pale ratiba yake inapomruhusu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni treni za kawaida, isipokuwa unasafiri na mzee asiyeweza kubadilisha treni mara tatu. Kwake yeye kiti kimoja saa nane, na chakula kikiletwa mezani, ni thamani ya pesa.

Katika njia ya kwenda Tirano kaa upande wa kulia. Kutoka Chur utaona daraja la Landwasser lililokamilika 1902, mita 65 kwenda juu, limejipinda, na mwisho wake linaingia moja kwa moja tumboni mwa jabali. Baada ya Pontresina kulia kuna barafu ya Morteratsch, kisha ziwa Lago Bianco, ambalo majira ya baridi ni uwanja mweupe tu. Karibu na Brusio treni inazunguka juu ya daraja la duara, kama nyoka anayejiviringa, ili kupunguza kimo katika nafasi ndogo. Kutoka mita 2,253 unafika Tirano, mita 429, na theluji mara nyingi imekwisha. UNESCO iliitia njia hii ya Albula na Bernina katika urithi wa dunia mwaka 2008. Tirano ni Italia, kwa hiyo chukua pasipoti. Pasi inakufikisha stesheni hiyo, lakini treni ya kwenda Milano ni tiketi nyingine.

Katika siku ya kuvuka kwenda Chur, tazama kilele cha njia, Oberalp, mita 2,033. Pale juu, mbali na bahari yoyote, kuna mnara wa taa mwekundu kama wa bandarini, kwa sababu mto Rhine unaanzia karibu. Shangazi, mtu wa pwani, aliucheka mpaka machozi, akataka tupigwe picha nao. Na ujue kwamba zamani njia hii isingewezekana Januari. Hadi 1982 treni ilipanda mlima wa Furka na kila majira ya baridi njia ilifungwa. Handaki la Furka, zaidi ya kilomita 15, ndilo lililoifanya safari hii kuwa ya mwaka mzima.

Hatua ya 6: Nguo na mkoba

Usinunue koti kubwa kuliko yote ukadhani umemaliza. Ndani ya treni kuna joto la kutosha kuvaa shati. Nje, St. Moritz usiku, baridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na zaidi. Unachohitaji ni nguo za tabaka unazovua na kuvaa: ya kwanza nyembamba ya kubana mwili, ya sufu au ya kitambaa cha michezo, pamba usivae kwa sababu ikilowa jasho inakugandisha, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopenya upepo wala maji. Soksi nene za sufu jozi tatu. Kofia ya kufunika masikio, na glavu. Shangazi alijifunga khanga shingoni chini ya koti siku zote nane na hakuhitaji skafu.

Fedha nyingi weka kwenye viatu. Buti zisizopitisha maji, soli yenye meno makubwa. Raba za mjini zitakuangusha kwenye jukwaa la kwanza lenye barafu. Kama huna mpango wa kurudi kwenye theluji, buti zitafute kwenye maduka ya mitumba. Hata Dar es Salaam na Nairobi zinapatikana nzuri sana, na zile zilizokwisha kuvaliwa hazikati mguu.

Miwani ya jua ni lazima. Theluji inarudisha mwanga machoni kwa nguvu, na juani juu ya mita 2,000 hata ngozi nyeusi inaungua, kwa hiyo paka losheni ya kuzuia jua. Mafuta ya midomo yawe mfukoni kila wakati. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani betri huisha haraka kwenye baridi, na pasi yako iko humo. Mimi huchapisha na nakala ya karatasi. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii Uswisi, beba adapta.

Maji usinunue, ya bombani ni masafi. Chakula nunua dukani, maduka ya stesheni kubwa hufunguliwa hata Jumapili, na kula ndani ya treni kunaruhusiwa. Fedha ni faranga ya Uswisi, na kadi ya benki inapokelewa karibu kila mahali.

Hatua ya 7: Kusoma ratiba

Uswisi majira ya baridi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Ratiba imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na msemaji wa Kiswahili anaweza kupotea kwa saa sita nzima, hasa anapomwelekeza mwenzake kwa simu. 14:02 ni saa nane na dakika mbili mchana. Mimi na shangazi tulikubaliana kwamba muda wa treni tutautaja kama ulivyoandikwa, "kumi na nne sifuri mbili," na wa kula na kulala tutautaja kwa Kiswahili. Baada ya hapo hatukukosea.

Treni nyingi huondoka dakika ileile kila saa. Ukikosa ya 09:08, mara nyingi ipo ya 10:08. Dakika tano za kubadilisha treni zinatosha katika stesheni nyingi, kwa sababu ratiba imefumwa hivyo, lakini majira ya baridi, mkiwa na mizigo au mzee, chagua muunganiko wa dakika kumi na zaidi. Tazama pia herufi za jukwaa, A hadi D au zaidi. Treni nyingine hugawanyika njiani, na behewa la nyuma likaenda mji mwingine. Maandishi ya mlangoni yatakuambia.

Kwa Waislamu: katika mchana mfupi adhuhuri, alasiri na magharibi zimesogeleana sana. Panga vituo vya kushuka kwa kuzingatia hilo.

Pasi huonyeshwa kwa mkaguzi pamoja na pasipoti. Wako wapole, lakini jina lazima lilingane herufi kwa herufi.

Hatua ya 8: Siku ya mlima

Usilipe kupanda mlima kabla hujaona kilele kwa macho asubuhi hiyo. Milima yote mikubwa ina kamera zinazoonyesha hali ya juu moja kwa moja mtandaoni. Safari yangu ya kwanza kabisa sikuangalia, nikalipa pesa nyingi, nikatazama pamba nyeupe kwa saa mbili.

Lakini ukungu wa chini usikutishe. Januari nyanda za Uswisi hufunikwa na ukungu siku nyingi mfululizo, huku juu jua linawaka. Luzern tuliamka hatuoni hata ziwa. Kamera ya Rigi ilionyesha anga la bluu. Tukachukua meli hadi Vitznau, kisha reli ya meno iliyofunguliwa 1871, ya kwanza ya mlimani Ulaya. Karibu nusu ya njia treni ilitoboa ukungu, na behewa zima likanyamaza. Kileleni, mita 1,798, chini yetu ilikuwa bahari nyeupe tupu, na vilele vimechomoza kama visiwa. Hilo lote lilikuwa ndani ya pasi. Kurudi shuka upande wa Arth-Goldau, uone bonde la pili.

Zermatt, panda Gornergrat, mita 3,089, dakika 33 kwa treni ya meno iliyoanza 1898, nusu bei kwa wenye pasi. Kaa kulia ukipanda, Matterhorn yenye mita 4,478 iko upande huo. Jungfraujoch, upande wa Interlaken, mita 3,454, ni juu zaidi na ghali zaidi, na pasi inapunguza robo tu ya kipande cha mwisho. Mimi kati ya hizo mbili nachagua Gornergrat kila mara, kwa sababu unatazama mlima njia yote, wakati ile nyingine sehemu kubwa ya mwisho iko handakini. Katika vimo hivyo tembea polepole, kunywa maji. Ukiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, teremka.

Hatua ya 9: Njia ikifungwa

Kila asubuhi kabla ya kufunga sanduku, angalia programu ya SBB. Njia ikifungwa kwa theluji au upepo, itakuonyesha, na itakupa njia nyingine. Kipande cha Oberalp kati ya Andermatt na Disentis ndicho hufungwa mara kwa mara, na kwetu siku ya sita ilikuwa hivyo, lile gari la theluji lilikuwa bado linasafisha. Mnara wa taa tuliupiga picha siku ya nane, tulipoufuata makusudi kutoka Chur asubuhi mapema kabla ya Bergün, badala ya kukaa Zürich mchana.

Siku ileile tulizunguka: Zermatt hadi Visp, kisha chini ya mlima kwa handaki la Lötschberg, lenye kilomita 34.6 na lililofunguliwa 2007, kupitia Bern hadi Zürich, halafu Chur. Hakuna aliyetudai faranga moja. Visp hadi Zürich ni saa mbili na ushee, kwa hiyo tulipata nafasi ya kuacha masanduku Zürich na kuvuka barabara kuingia makumbusho ya taifa, yaliyo mkabala na stesheni kuu. Pasi ilitufungulia mlango. Hufungwa Jumatatu. Shangazi alitazama sanduku kuukuu za mbao zenye nakshi kwa muda mrefu, akasema fundi wake angeelewana na mafundi wa Lamu.

Chur tulifika saa kumi na moja jioni, tukala supu ya shayiri ya Graubünden, tukaweka saa ya kuamka kwa ajili ya treni ya kwenda Tirano.